Maua ya Keki

Binti yangu aliniomba kitu kimoja tu kwa arusi yake: maua yanayoliwa, yatoke bustanini kwangu, ayapange juu ya keki aliyotaka kuioka mwenyewe. Nilikubali upesi, mdomo ukitangulia akili. Kumbe mbegu za nastashamu, ua nililolichagua, ni kaidi kuliko wanangu wote. Za kwanza zilioza kwa mvua, za pili zikaliwa na konokono zikichipuka. Za mwisho niliziloweka, nikazipanda kwenye pakiti za maziwa na kuzitunza jikoni kama vifaranga. Zikaota. Nikazihamishia kando ya sukuma wiki, na wiki ya arusi zikajaa vitumba, chache zikiwa zimeshafunguka, rangi ya chungwa.

Mama mkwe wangu akaja mapema kutoka Timboroa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Habari za maua nilikuwa nimemweleza kwa simu, tena nikarudia, naye akaitikia tu "mm." Kesho yake nilienda mjini kuchukua gauni kwa fundi. Niliporudi, bustani ilikuwa imepaliliwa hadi inang'aa, naye yuko mferejini anaosha jembe. Maua yangu yalikuwa kwenye rundo la takataka, yamenyauka.

"Mama, hayo ndiyo yalikuwa maua ya keki," nilisema.

"Hizo zilikuwa zinakula mbolea ya sukuma bure," akajibu. "Nimekusaidia."

Nikamshukuru. Mama mkwe utamfanya nini? Niliingia jikoni, nikabandika chai, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira hadi ikafurika jikoni kote.

Binti yangu alipokuja aliugeuza ule udongo mtupu kando ya sukuma kwa ncha ya kiatu, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Maua yaliyobaki bustanini yalikuwa ya mche mmoja wa sukuma uliozeeka, ambao nyanya yake aliuacha kwa ajili ya mbegu. Ulikuwa umerefuka na kutoa maua madogo ya manjano. Akachuma moja, akalitafuna, akasema itabidi yafae.

Yakafaa. Watu waliipiga keki ile picha kabla haijakatwa. Mama mkwe alipoletewa kipande chake, alilitoa ua kwa ncha ya kidole, akaliweka kando ya sahani, kisha akaniinamia sikioni.

"Mngeniambia tu mnataka maua," akasema. "Zile zako zilikuwa nzuri kuliko hizi."