Nimesababisha mpwa wangu anyimwe udongo

Leo nimemkosea mpwa wangu Consolata, tena mbele ya watu. Sifichi.

Tulikuwa Mkuyuni, shamba la ukoo. Alikuja kuchota udongo kidogo akapime DNA ya bakteria, ndiyo masomo yake ya chuo.

Mzee mmoja akamuuliza ile programu aliyoifungua kwenye laptop yake inafanya nini.

"Inatengeneza DNA ya bakteria ya kuigiza, babu, ifanane na ya udongo wa kweli."

Mimi nikadakia: "Kumbe unapika majibu! Sasa udongo wetu wa nini?"

Watu wakacheka. Udongo akanyimwa. Kwetu Waluguru mjomba akishasema, nani atabisha?

Tukarudi dukani kwangu Mwembesongo, nauza mchele. Hakulia. Kaniuliza tu, "Mjomba, muuzaji mpya unampimaje?"

Nikamwambia namchanganyia wa Turiani na wa Mbeya, kiasi nakijua mwenyewe, halafu aniambie nimechanganya nini.

"Basi na mimi naipima kompyuta hivyohivyo, kabla sijaiamini na udongo wenu."

Jamani! Nilitamani niingie kwenye gunia.

Naongezea: ndugu walioisoma hii wananipigia simu niifute, eti mjomba haombi msamaha kwa mtoto.

Sifuti! Mdomo ulioharibu ni huuhuu, na ndio utakaotengeneza. Nyie mngefanyaje?

Jumamosi asubuhi narudi naye Mkuyuni. Nitasema mbele ya walewale waliocheka, halafu jembe nashika mimi, udongo namchimbia mwenyewe.

Anayetaka kucheka aje acheke palepale.