Kuwachora Watu wa Kwetu

Nilikuwa mwoga kupita kiasi. Niliogopa bata wa jirani, choo cha shule, radi, wanaume wenye makoti marefu, na ule ukimya uliokuwa ukiingia nyumbani baba akikasirika. Ndugu zangu walinicheka hadi wakachoka wenyewe. Dawa yangu ilikuwa penseli. Mama alikuwa akiniwekea mifuko ya khaki ya sukari, anaipasua na kuinyoosha kwa kiganja, nami ninakaa karibu na mafiga nikichora chochote kilicho mbele yangu: sufuria, kuku, kiatu cha baba. Penseli ikishaanza kutembea, moyo ulishuka ukarudi mahali pake. Ukikitazama kiatu sawasawa, kila mkunjo na kila tundu la kamba, huna nafasi ya kuogopa. Hayo niliyagundua mwenyewe, bila mwalimu.

Kwetu ni juu kidogo ya Gakindu, katikati ya mashamba ya kahawa, na hiyo ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikufanywa kwetu: watu hawakuhesabiwa. Iliaminika kwamba ukiwahesabu watoto, mmoja atatolewa. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alisema hayo ni mambo ya zamani. Lakini siku mwalimu alipomwuliza ana watoto wangapi, alijibu kwamba wanatosha, kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Hadi hapo nilikuwa nikichora vitu tu. Jumamosi moja mvua ilitufungia ndani sote, nikaona nyuso zimepangana kuzunguka moto, nikapata hamu ya kuzichora. Nilimchora kila mtu. Cucu, mama yake baba, alipokuja kuitazama ile karatasi aliyacheka masikio niliyomchorea. Kidole chake kikaanza kupita kutoka kichwa hadi kichwa. Kilipofika katikati kikasimama.

“Umetuhesabu,” akasema.

Hakupaza sauti. Aliichukua karatasi akaitia motoni, akakaa akiitazama mpaka ikaisha. Nilitaka kumwambia kwamba sikuhesabu, nilichora tu. Lakini nilijua kwamba ukimchora kila mtu bila kumsahau hata mmoja, umeshahesabu, hata kama mdomo umefungwa. Usiku huo sikula.

Wiki haikuisha mama akaanza kukohoa. Ilikuwa Julai, na ukungu wa Julai kwetu unaingia hadi kwenye mifupa. Mama alikuwa amenyeshewa akipalilia, na nguo zilimkaukia mwilini. Kila mtu aliiona sababu hiyo, mimi niliiona nyingine. Alipoanza kupumua kwa shida, baba na majirani wawili walimbeba hadi barabarani, wakampandisha basi la kwenda hospitali mjini Nyeri. Nikaacha kuchora. Niliogopa kwamba nikigusa penseli tena nitammaliza. Basi nikabaki na woga mtupu, bila dawa yake, nikipika uji, nikiwaogesha wadogo, na kushtuka kila mbwa alipobweka, maana nilidhani ni mtu anayekuja na habari. Cucu hakunilaumu kwa neno lolote. Alikuwa akinitazama tu, kisha anatazama pembeni, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Jumamosi ya pili baba alinichukua kwenda kumwona. Watoto wadogo hawakuruhusiwa wodini, na mimi niliruhusiwa kwa sababu ya urefu wangu. Mlangoni nesi alinitania kidogo, akauliza, “Na kwenu muko wangapi?” Nikanyamaza kama bubu mpaka baba akanivuta kwa mkono.

Mama alikuwa amepungua. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kupungua hivyo kwa siku chache. Baba alipokwenda kuongea na daktari, mama aliniambia kwamba nyuso za watoto zimeanza kumpotea. Anawatafuta akifumba macho, wanakuja nusu nusu. Akamwomba nesi karatasi na penseli, akaniwekea magotini.

“Nichoree watoto,” akasema. “Wote.”

Nililia. Nikamwambia kila kitu, ile karatasi, kidole cha cucu, moto, na kwamba mimi ndimi niliyemletea ugonjwa. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema alinyeshewa, na siku aliyonyeshewa anaijua, mimi nilikuwa shuleni. Akaisukuma karatasi karibu yangu.

Nilianza na kitinda mimba, kwa sababu kichwa chake kikubwa kilikuwa rahisi. Mstari wa kwanza ulitetemeka vibaya. Nikaendelea: yule mwenye kovu la maji moto, yule aliyepoteza meno mawili ya mbele, mapacha na kola zao zilizochanika upande mmoja. Kabla sijafika kwa wa nne mkono ulikuwa umetulia, na pumzi yangu pia. Kando yangu mama alikuwa akikoroma kifuani, na mimi, kwa hiyo robo saa, sikuogopa kitu chochote duniani. Hadi leo sijui kama nilipaswa kuona aibu.

Lakini nilikuwa mwangalifu. Nilimwacha mtoto mmoja nje ya picha ili hesabu isikamilike. Nilijiacha mimi.

Mama aliigusa kila sura, polepole. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

“Wewe uko wapi?”

Nikasema niko hapa, nimekaa naye.

“Hapa kwa karatasi,” akasema. “Mkubwa akikosekana, hawa nitawaachia nani?”

Hapo nilielewa alichokuwa akiniomba, na nilitamani nisingeelewa. Nikajichora nyuma yao, mrefu, mkono wangu begani kwa kitinda mimba. Uso wangu wa kwenye karatasi niliuchora ukiwa mkavu, nikainama ili mama asiuone ule wa kweli.

Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kusikia mtu wa kwetu akikifanya. Aliweka kidole kwenye karatasi akatuhesabu kwa sauti, akipumzika baada ya kila mmoja: mmoja, wawili, watatu, mpaka kidole kikanifikia mimi, wanane. Alihesabu jinsi mtu anavyohesabu anapomkabidhi mwenzake mzigo, ili baadaye pasiwe na ubishi. Akanitazama kuona kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia.

Jumatano baba alishuka kwenye basi peke yake, amebeba blanketi la mama mkononi. Jioni hiyo nilipakua sahani nane za watoto, nikituhesabu mmoja mmoja.