Nilivyoandika mistari ya tepu baada ya pointi, na vioo vya kanisa vikanikataa

Wakuu, salamu kutoka Mosocho. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe na mashahidi ni kanisa zima. Chumvi nikiongeza ni ya kukolezea tu, mboga ni ile ile.

Mimi ni fundi wa mbao. Shule niliacha darasa la tano, nikarudi nikiwa na watoto watatu na kipara kinachoanza. Ngumbaro, masomo ya jioni, kwenye darasa la watoto wa nursery. Viti vilikuwa vidogo mpaka magoti yangu yalikuwa yanasikia somo kabla ya masikio.

Leo cheti ninacho, kimetundikwa juu ya TV. Lakini leo siongelei cheti. Naongelea Ouma.

Kwanza mjue habari ya chaki.

Mwalimu wetu, Madam Moraa, alikuwa na kawaida yake. Kabla ya kutuachilia anaandika swali moja la hesabu ubaoni. Wa kwanza kulipata anapewa kipande cha chaki, anaenda nacho nyumbani, na kinabaki chake mpaka siku atakayoshindwa.

Mimi nilikaa na ile chaki muhula mzima. Nilikuwa naiweka katikati ya meza ya chakula. Mgeni akija lazima aulize ni ya nini. Asipouliza, nakohoa.

Ndipo akaja Ouma. Fundi kama mimi, kutoka upande wa Homa Bay. Akafungua karakana ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazama mlango wangu. Haikutosha. Akajiandikisha na ngumbaro.

Nisiseme uongo, siku ya kwanza nilimkaribisha vizuri. Hakujua kugawanya kwa njia ndefu. Mimi ndiye nilimwonyesha, na penseli yangu ya kazi, kwamba namba ndogo ikikataa kugawanyika unaweka pointi, unaongeza sifuri, unaendelea. Hiyo muikumbuke.

Wiki tatu baadaye Madam akaandika tatu juu ya nane. "Nipeni desimali."

Nikainama. Kabla sijamaliza kuchora ule mstari wa kugawanya, sauti ya Ouma ikatoka nyuma.

"Pointi tatu saba tano, mwalimu."

Chaki ikahama.

Wakuu, mtu akikuibia kuku unapiga nduru, majirani wanakuja. Akikuchukulia chaki kwa haki, unampigia nani nduru?

Nilifika nyumbani nikakuta meza iko wazi kama uwanja wa mpira. Mke wangu Kerubo akaniuliza, "Baba Brian, ile chaki imepotea?" Nikamwambia imeazimwa.

Mambo yakazidi. Siku moja narudi, nakuta Ouma ameketi kwangu anamfunza msichana wangu homework ya desimali. Kerubo amempikia chai. Ile chai ilikuwa na maziwa mpaka imekuwa nyeupe kama shati la harusi. Yangu siku hiyo ilikuwa maji yaliyosikia habari za ng'ombe.

"Huyu Ouma anaeleza polepole," Kerubo akasema. "Mtu anaelewa."

Sikulala vizuri karibu mwaka mzima. Sawa, ni wiki moja.

Sasa kanisa. Sisi ni watu wa Sabato na tulikuwa tumejenga kanisa jipya. Madirisha kumi na mbili, na kamati ikaamua kugawa kazi. Sita za upande wa kushoto ni zangu, sita za kulia ni za Ouma, ingawa yeye ni wa kusali Jumapili.

Mwenyekiti, mzee Ombati, akatupa sharti moja. "Kanisa linafunguliwa Sabato. Ijumaa jua likizama hakuna nyundo italia hapa. Mwenye atachelewa, mwenzake anamalizia zote."

Nikajua hapo ni mimi ama yeye. Kushindwa chaki darasani ni kitu kingine. Kumaliziwa kazi na Ouma mbele ya kanisa langu mwenyewe, afadhali nihamie Kenyenya nianze maisha upya.

Fremu zangu nilizipiga randa mpaka nzi akitua anateleza. Ikabaki vioo. Nikapigia duka la vioo Kisii town. Kijana wa huko akaniambia, "Fundi, mashine yetu mpya haitaki fraction. Nitumie desimali kwa WhatsApp."

Ouma naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Jioni hiyo akavuka barabara na karatasi mkononi.

"Omera, ndugu yangu, nimegeuza mistari yote ya tepu kuwa desimali, kutoka mmoja mpaka kumi na tano. Piga picha utumie."

Nikamwangalia. "Mimi nilikuwa na chaki wakati wewe hujui sifuri inakaa wapi."

Akacheka, akakunja karatasi yake, akavuka kurudi. Kwa nini hakukasirika? Hiyo nayo iliniuma.

Nikachukua tepu. Urefu wa kioo, inchi kumi na nane kamili. Upana, inchi kumi na mbili na mistari kumi na tano. Sisi mafundi husoma hivyo. Inchi moja ina mistari midogo kumi na sita, unahesabu na kidole.

Wakuu, nikaandika 12.15.

Mistari kumi na tano si ni kumi na tano? Nikaiweka baada ya pointi, roho ikatulia. Vioo ishirini na nne, vinne kila dirisha. Nikatuma, na kidole gumba juu.

Vioo vikafika Ijumaa saa nane mchana. Ouma alikuwa amemaliza upande wake, anafagia vumbi. Kamati yote ilikuwepo, na akina mama wanaosha sakafu.

Nikaingiza kioo cha kwanza. Kikapita kwenye fremu kama barua kwenye sanduku. Bahati nilikidaka upande wa pili.

Nikajaribu cha pili. Cha tatu. Vyote ndugu.

"Fundi," mzee Ombati akauliza, "hii ni kioo ya dirisha ama ya kuangalia uso?"

"Atajazia na gazeti!" mama mmoja akasema, na ndoo zikasimama kwa kicheko.

Mzee hakucheka. Akaangalia jua, akageukia mwenzangu. "Ouma, ukipewa na hizi, utaweza?"

Nikakilaza kile kioo sakafuni.

Ouma akashika kioo, akapima. Akaomba penseli. Yangu, ile ile. Akaandika kwenye kipande cha mbao huku akisema polepole. "Kumi na tano gawanya kwa kumi na sita, pointi tisa tatu saba tano. Wewe umeandika pointi moja tano. Tunakosa karibu pointi nane." Kisha akamwambia mzee, "Fremu ni safi sana, mzee. Tukizibana kidogo kwa ndani zitashika vioo. Tutamaliza na yeye."

Alikuwa na mabaki ya mbao za mvule. Tukapasua vipande vyembamba, mistari sita kila upande, nafasi ikabaki ya putty, ule udongo wa kushikia kioo. Yeye anapasua, mimi napigilia. Msumari wa mwisho uliingia jua likiwa limebaki ukubwa wa chapati iliyoliwa nusu.

Sabato asubuhi, kanisa limejaa. Mwanga ukapiga upande wangu, ile mvule ya kahawia ikang'aa kando ya fremu zangu za saipresi nyeupe. Akina mama wakaanza kunong'ona. Mzee Ombati akasimama.

"Fundi wetu Bosire ametuletea staili mpya. Upande wa kulia ni mzuri, lakini wa kushoto umezidi."

Amina kubwa. Nikageuka nyuma. Ouma alikuwa amealikwa, ameketi mwisho kabisa, na yeye ndiye alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Wakuu, huo ndio wivu mbaya kuliko wote niliowahi kuonja. Hata kunyamaza alikuwa ananishinda.

Nikasimama. "Mzee, hiyo si staili. Hiyo ni hesabu mbaya. Mistari ya tepu niliiandika baada ya pointi, na huyu nyuma ndiye alinitoa kwenye aibu."

Kicheko, mpaka pastor akashika meza.

Ouma akainuka. "Na pointi inawekwa wapi, yeye ndiye alinionyesha."

Jumatatu Madam Moraa akaandika kumi na tano juu ya kumi na sita, na darasa zima likaninyamazia kwa makusudi ili nijibu wa kwanza. Niligawanya nikitoa jasho mpaka 0.9375. Ouma akaninyooshea chaki. Nikamwambia akae nayo, nitaichukua siku ambayo hawajaninyamazia.

Nilichojifunza ni hiki: ya juu gawanya kwa ya chini, usihamishe tu namba. Na ukiletewa karatasi na mtu unayemwonea wivu, piga picha kwanza, wivu utaendelea nao baadaye.

Kama kuna mwingine aliyewahi kukosea hivi, fundi wa nguo, wa bomba, yeyote, aweke hapa chini tucheke pamoja. Msiniache peke yangu.

Tulimaliza ngumbaro bila mimi kuipata tena ile chaki. Iko kwenye dirisha la karakana ya Ouma, ng'ambo ya barabara, na hata sasa nikiandika inaniangalia.