Nahodha wa Ghorofa ya Nne

Saa tatu kasorobo asubuhi. Lifti ya jengo hili ilikufa zamani na hakuna aliyeiomboleza, kwa hiyo anayekuja ghorofa ya nne hana budi kupanda ngazi. Juu kabisa, mlangoni mwa ofisi yake, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene machoni amesimama na kikombe cha chai. Kichwa amekiinamisha kidogo. Anasikiliza nyayo.

"Huyu ana haraka lakini hana pumzi," ananong'ona. "Huyu mlima hapana. Huyu ni wa ufukoni na mwavuli."

Mteja anachomoza akihema, shati limemganda mgongoni, na kabla hata ya kuketi anauliza kama kuna meli inayokwenda kisiwa chenye volkano. Mwenyeji wake anampa kiti, anampa maji, anamwachia dakika za kupumua. Kisha anamfungulia kijitabu cha picha za fukwe. Nusu saa baadaye mgeni anashuka na ufuko wake, tena akishukuru.

Hiyo ndiyo kazi ya mama huyu: kuwachagulia watu safari za meli za kitalii visiwani. Wapo wanaotaka kupanda vilima, wapo wanaotaka ngome na makaburi ya kale, na wapo wanaotaka tu kukimbia nyumba zao kwa wiki moja. Jengo zima linamwita Nahodha. Jina alibandikwa na fundi cherehani wa ghorofa ya pili, kwa utani mtupu, kwa sababu Nahodha hajawahi kukanyaga meli maishani mwake. Maji anayaogopa.

"Yule? Beseni likijaa anasogea," fundi anasema, pini zikiwa midomoni.

Nahodha hakasiriki. "Kinyozi hajinyoi," anajibu, na kuendelea na chai yake.

Wakala huu ni mali ya mdogo wake, na hapo ndipo penye mvutano. Mdogo mtu anataka wahamie chini, kwenye duka lenye kioo mbele. Wateja karibu nusu wamepungua kwa muda wa miaka mitatu, maana siku hizi mtu ananunua safari kwa simu akiwa kitandani.

"Dada, wateja wetu wanachoka kabla hawajasafiri," analalamika.

"Simu haina ngazi," dada mtu humjibu. Anaamini kwamba mtu akishapanda ghorofa nne, magoti yake yamekwisha kusema ukweli ambao mdomo ungeuficha. Mwandishi wa simulizi hii alipomuuliza kama hilo si ukatili kidogo, alicheka mpaka akafuta macho. "Ukatili ni kumpeleka mtu kileleni halafu ashushwe kwa machela mbele ya mkewe."

Lakini safari anayoizungumzia kuliko zote msimu huu ilianza na ugomvi uliosikika kuanzia ghorofa ya kwanza.

Walikuwa mume na mke, wote wastaafu. Mke alikuwa mkunga, mwembamba, mwenye viatu vya kutembelea vilivyokwisha soli. Alipanda ngazi kama mshale. Mume alikuwa mwalimu wa historia, na alichelewa nyuma kwa sababu alisimama kila ghorofa kusoma kilichoandikwa ukutani. Tena alisoma kwa sauti, kama yuko mbele ya darasa. Alisoma maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto. Alisoma onyo la sanduku la umeme. Alisoma kibao cha fundi: "Leo lipa, kesho kopa."

"Mwalimu, tumekuja kununua safari au kusahihisha mitihani?" mkewe alimwita kutoka juu.

Watoto wao walikuwa wamewachangia safari moja ya meli. Moja tu, na tatizo lilikuwa hilo. Mkunga alitaka visiwa vya milima, atembee mpaka miguu ishtaki. Mwalimu alitaka visiwa vya ngome na magofu. Walikuwa wamekubaliana kwamba isipopatikana ya kuwafaa wote wawili, fedha zigawanywe na kila mmoja ashike njia yake.

"Miaka arobaini tumelala kitanda kimoja," mkunga alisema, "sasa tutalala bahari mbili."

Alilisema kama mzaha, lakini Nahodha aliona jinsi mwalimu alivyotazama sakafu.

"Na iwe mwaka huu, mwanangu," mkunga aliongeza. "Si mwakani."

Nahodha alitandaza vijitabu mezani. Kulikuwa na meli kubwa kama mtaa, inayogusa visiwa tisa. "Kila kisiwa mnashuka, mnanunua kofia, mnapanda," aliwaeleza. Nyingine ilikuwa ya wapanda milima, lakini huko hakuna jiwe hata moja lenye hadithi. Ya tatu ilikuwa ya magofu, na unapelekwa kwa basi mpaka mlangoni. Mkunga aliguna aliposikia basi. Nahodha akaomba apewe mpaka Alhamisi.

Walipoondoka alisimama juu ya ngazi kama kawaida yake. Kushuka, anasema, husema mengi kuliko kupanda.

Mwalimu sasa alitangulia, hatua moja mbele, mwili ameugeuza upande. Mkewe alifuata. Kiganja chake kiliteleza ukutani, na ncha ya kiatu ilitafuta ukingo wa kila kidato kabla ya kukanyaga. Mama yule aliyepanda kama mshale alishuka kama anayevuka mto usiku. Na kila walipofika kwenye kona, mwalimu alisoma. "Hapa pana mtungi wa moto," alitangaza. Mkewe akakata kona. "Sanduku la umeme hili." Mkewe akashika upande wa pili. "Leo lipa, kesho kopa." Mkewe akacheka, akajua wamefika ghorofa ya pili.

"Chai ilinipoa mkononi," Nahodha anasema. "Nikajua kwa nini si mwakani. Nikajua na yule mzee anasoma kwa ajili ya nani."

Macho ya mkunga yalikuwa yanafifia. Watoto hawakuambiwa. Na kwa jinsi wale wawili walivyogombana kwa bidii juu ya milima na magofu, Nahodha alihisi kwamba hata wao kwa wao jambo hilo hawakuwahi kulitamka. Mke alitaka kuiona milima kabla haijafutika. Mume alitaka mahali penye ardhi sawa, penye vitu vingi vya kumsomea.

Kwa siku mbili alishinda kwenye simu. Alipata meli ndogo, isiyo na bwawa wala muziki, inayolala siku mbili kwenye kisiwa kimoja. Hapo pana njia ya mawe ya zamani inayopanda kutoka bandarini mpaka ngome iliyo kileleni. Akampigia mwongoza wageni wa kule.

"Kaka, hiyo njia ina ukuta?"

"Inao, dada. Unafika kifuani."

"Upande gani?"

Yule bwana alicheka. "Watu huniuliza kama juu kuna bia baridi. Ukuta upo kushoto ukipanda, kulia ukishuka. Haukatiki."

"Na vidato?"

"Vipana. Punda wawili wanapishana. Na kila kona waliojenga wamechonga majina yao kwenye jiwe."

Nahodha hakuuliza zaidi. Kamisheni ya meli hiyo ni nusu ya ile ya meli kubwa, na mdogo wake aliposikia alikuna kichwa.

Alhamisi wazee walirudi. Nahodha hakutaka kumvunjia mtu heshima. Aliwaamkia, akawaketisha, akazungumza kama anayeuza tu.

"Hapa mama atapata mlima wake, mpaka juu, kwa miguu yake. Baba atapata maandishi kila kona. Njia ni moja. Na ina ukuta, huu hapa pichani, kuanzia chini mpaka kileleni."

Mkunga aliivuta picha karibu na uso, karibu kabisa, akaishikilia hapo.

"Umeona, eh?" alisema.

"Nimeona nini, mama?"

"Mwanangu, nimepokea watoto maisha yangu yote. Anayenidanganya kwa huruma namjua hata gizani." Akaiweka picha chini. "Mficha uchi hazai. Wanawake wangapi nimewaambia maneno hayo? Na mimi ndiye huyu, namficha mume wangu macho yangu."

Mwalimu alitoa leso.

"Hukunificha," alisema. "Unadhani mtungi wa moto una historia gani mimi nisimame kuusoma?"

Mkunga alianza kucheka, kisha akalia, kisha vyote viwili kwa pamoja, huku amemshika mzee wake kwenye mkono wa shati. Nahodha alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Anasema aliitafuta kwa muda mrefu sana.

Walilipia meli ndogo. Wakati wa kuaga, mkunga alimshika Nahodha bega.

"Nasikia unaogopa maji."

"Sana, mama."

"Sote tumetoka majini, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nawapokea." Halafu akaongeza, akiwa amenyooka: "Nikirudi nitakuja kukusimulia. Nitapanda mwenyewe, na nitashuka mwenyewe. Mwalimu atangoja chini."

Wiki hii wazee wako baharini. Na Nahodha, asubuhi hii, baada ya mteja wa ufukoni kuondoka, anakunja mikono ya gauni, anachukua kopo na brashi kutoka nyuma ya mlango na kupiga magoti ngazini. Anapaka kingo za vidato rangi nyeupe, kimoja baada ya kingine. Ghorofa ya nne na ya tatu zimekwisha, na leo ni zamu ya kipande cha fundi cherehani.

"Nahodha, unapaka meli?" fundi anamchokoza.

"Nisogezee hilo benchi lako."

Fundi anasogeza, kisha, bila kuombwa, anashika kitambaa na kuanza kufuta vumbi kwenye vidato vya chini.

Kuhusu duka la chini, Nahodha amekwisha kumpa mdogo wake neno. Atahama, asije tena mtu akapapasa kuta kwa ajili ya safari. Hata ile meli ndogo ameiulizia nafasi ya mtu mmoja, ingawa fundi anaapa kwamba ataifuata kwa macho tu, akiwa amesimama nchi kavu. "Lakini kwanza yule mama arudi," Nahodha anasema. "Akishapanda na kushuka mwenyewe, hapa sina deni."

Rangi ya juu imekauka. Nahodha anainuka, anapanda mpaka ghorofa ya nne, na huko anavua miwani yake, ambayo bila hiyo hamjui hata mdogo wake kwa hatua tano. Anaitia mfukoni. Anaanza kushuka polepole, kiganja ukutani, akitazama kingo nyeupe mbele ya miguu yake.

"Naziona," anasema. "Hata mimi naziona."

Na anaendelea kushuka.