Ngamia Yangu Aliyehamia Marekani

Mimi nimeuza maziwa ya ngamia Garissa mpaka watu husema maziwa ya ngamia hayatoi siagi, lakini mimi nikikohoa inatoka. Shule sikuenda. Hesabu najua ya lita na ya miguu ya ngamia, na hizo mbili zilinitosha kabisa, mpaka siku mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Marekani.

Huyu mtoto ni mtoto tu kwa sababu mimi ni shangazi yake. Ndevu zake zimefika kifuani. Anaendesha lori kule kwenye baridi, mahali mtu akitema mate yanaanguka chini yakiwa jiwe. Akaniita "eddo," yaani shangazi, kwa ile sauti ya asali, na mimi nikajua kuna kitu anataka.

"Eddo, uko na ngamia wangapi?"

"Wa kwangu mwenyewe ni mmoja. Jike. Ana mimba changa."

"Muuze."

"Wacha nikuuze wewe kwanza, nione kama utafika bei."

Akacheka, akanieleza. Kuna kampuni kubwa kule inatengeneza chipu, vile vipande vidogo kama ukucha vinakaa ndani ya simu na kompyuta, ndio akili yake. Zamani dunia nzima ilikuwa inanunua kwake. Sasa wenzake wamempita, wateja wamehama, na hisa zake zimekuwa rahisi kama vumbi. "Lakini eddo, mkubwa hafi. Itarudi juu, na wewe utanunua ngamia watatu."

Hapo ndipo nilikosea, na kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa mifugo. Kwetu, ukitaka mnyama kwa bei nzuri, nunua wakati wa kiangazi, wakati unaweza kuhesabu mbavu zake ukiwa upande mwingine wa barabara. Mvua ikinyesha mbavu zinapotea na wewe umetajirika. Nikasema, kumbe kampuni imekonda tu, inangoja mvua! Sikuuliza swali ambalo hata mtoto mdogo wa malishoni anauliza: huyu amekonda kwa njaa, ama ni mgonjwa?

Ngamia yangu akanunuliwa na binamu yangu wa Kotile. Huyo jike alikuwa na nundu ndefu mpaka ndege za kwenda Wajir zilikuwa zinakata kona. Alikuwa ananijua kwa sauti. Nilipomtoa niliona kama nimetoa meno yangu, kwa hivyo nikaweka sharti mbele ya wazee wawili: nikirudisha pesa yote kabla hajazaa, ngamia ni wangu tena. Akizaa kabla sijaleta, basi, yeye na ndama ni wa binamu, na mimi nifunge mdomo. Ngamia hubeba mimba mwaka mzima na mwezi juu. Wangu alikuwa amebeba miezi miwili tayari. Nilikuwa na miezi kumi na moja ya kutajirika. Pesa nikamtumia yule wa lori kwa hawala, yule wakala wa kutuma pesa, akaninunulia hisa.

Mwezi wa kwanza kampuni ikashuka. Nikamwambia yule wa lori asinitajie dola, mimi dola sizijui sura. Anihesabie kwa ngamia. Kwa hivyo akawa ananitumia sauti kwa simu: "Eddo, leo tumepoteza shingo." Wiki nyingine: "Eddo, nundu imeenda, lakini usijali." Usijali! Mtu amekula nundu yangu anasema usijali!

Soko lao la hisa linafunguliwa alasiri yetu, wakati mimi naosha mitungi na kuifukiza moshi. Basi kila alasiri benchi yangu ikawa bunge. Fundi wa simu wa pale mkabala, mtu mwembamba kama waya zake, alikuwa ananisomea habari za kampuni kwa sababu ndiye anajua Kizungu. Mchinjaji anakuja na kisu chake. Na mama mwenzangu, ambaye mtungi wake uko karibu na wangu tangu tukiwa wasichana, yeye hata hakuitwa.

"Wataalam wamesema nini leo?" nikamuuliza fundi.

"Mmoja anasema nunua. Mwingine anasema uza. Wa tatu anasema shikilia."

"Wote wameangalia kampuni moja?"

"Moja."

"Siku moja?"

"Leo asubuhi."

"Na wanalipwa?"

"Mshahara wa mmoja unanunua hii soko yote na wewe ndani."

"Wallahi mimi nilizaliwa mahali pabaya."

Mchinjaji akasema, "Chinja. Mnyama akianza kuyumba, kisu kiko hapa. Ukingoja, utauza ngozi." Lakini mchinjaji ukimuuliza habari ya mtoto mwenye homa atakwambia chinja, ndiyo dawa anayojua.

Fundi akakataa. "Mimi nafungua kompyuta za zamani kila siku. Chipu za hii kampuni ziko hai hata kama kila kitu kingine kimeoza. Watu waliotengeneza vile hawawezi kusahau kazi."

"Waliotengeneza hizo wako wapi?"

"Pengine wamestaafu."

"Haya basi!"

Mama mwenzangu akasogeza mtungi. "Abaayo, dada yangu, sikiliza. Wewe ongeza. Uza ile mbuzi yako nyeusi, nunua zingine sasa zikiwa chini. Zikipanda unapata mara mbili."

"Na wewe umeweka ngapi?"

"Mimi? Mimi sina kitu huko. Mimi natoa maoni."

Hapo nilitaka kummwagia maziwa, lakini maziwa ni pesa. Maoni nilipata mengi mpaka yangekuwa maji tungelima jangwa lote kutoka hapa mpaka Hulugho. Watu nisiowajua walikuwa wananisimamisha njiani: "Mama, ile kampuni yako vipi?" Kampuni yangu! Mzee mmoja aliniuliza kwa nini nimewaachisha kazi watu wengi vile. Nikamwambia walikuwa wanachelewa.

Mwezi wa kumi tangu nimuuze nikahesabu: Marekani nilikuwa nimebaki na miguu miwili na mkia. Na kule Kotile tumbo linakua. Nikapanda lori la unga nikaenda kumwomba binamu aniongeze muda.

Binamu alikuwa amekaa nje na mkewe. Ngamia yangu nilimwona mbali, mpana kama tangi la maji. Nikamwita. Akageuza kichwa, akaniangalia, halafu akarudi kula, kama mtu aliyekuona kwenye foleni akajifanya hajakuona. Ilinichoma roho.

"Niongeze miezi mitatu tu," nikamwambia binamu.

"Mwambie ngamia azuie mimba miezi mitatu," akasema. "Akikubali, mimi pia nimekubali."

Mkewe alikuwa anakwenda kukama jike mwingine, nikamfuata kwa hasira kwa sababu sikutaka binamu aone macho yangu. Huyu jike ndama yake alikufa wiki ile. Na ngamia asipoona ndama hashushi maziwa. Atayashika mpaka yakauke. Basi mke wa binamu alikuwa na ile ngozi ya ndama, imetiwa chumvi, imekauka. Akaiweka mbele ya pua ya mama. Mama akanusa. Masikio yakalala. Maziwa yakashuka, shaaa, ndani ya chombo.

Saa hiyo hiyo simu yangu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti wa yule wa lori, anapiga kelele ya furaha: "Eddo! Habari njema! Mkurugenzi mpya ameongea! Kuna kiwanda kipya, kikubwa kama mji, kitakuwa tayari baada ya miaka miwili, na chipu mpya itashinda za wote! Wenye hisa wamefurahi, leo bei imeruka, uko na miguu mitatu!"

Nikaangalia simu. Nikaangalia ngozi. Mkurugenzi aliyetangulia pia alikuwa na kiwanda, tena naye alisema kitakuwa tayari baada ya miaka miwili, nakumbuka kwa sababu tulikunywa chai ya bure kwa furaha.

Nikamuuliza mke wa binamu, "Huyu mama hajui ndama amekufa?"

"Anajua. Siku ile alilia mpaka tukashindwa kulala. Lakini akinusa, anataka kuamini."

"Na itasaidia mpaka lini?"

"Mpaka apate mimba nyingine. Akipata, ngozi imefanya kazi nzuri. Asipopata, ngozi ni ngozi." Akaendelea kukama, hana habari kwamba amenisomea magazeti yote ya Marekani.

Nikampigia yule wa lori. "Hicho kiwanda umekiona?"

"Nimeona picha, eddo."

"Kina ukuta?"

"Picha imechorwa na kompyuta. Lakini ni nzuri sana."

"Uza."

"Eddo, leo si siku ya kuuza! Leo imepanda!"

"Ndio maana nauza leo. Nimenusa, nimefurahi, sasa nimetoa pua yangu."

"Eddo, wataalam wanasema..."

"Waryaa! We kijana! Nilikufuta kamasi na huu mkono! Uza kabla sijaomba dua mbaya!"

Akauza. Pesa ikafika kwa hawala, nikaifunga kwenye kitambaa, nikarudi Kotile kwa lori lile lile la unga, nimekuwa mweupe kama jini. Ngamia alikuwa bado hajazaa, lakini chuchu zimeanza kujaa. Zilibaki wiki chache tu. Wale wazee wawili wakaitwa.

Binamu akahesabu. "Hii ni miguu mitatu."

"Ngamia anaweza kusimama na miguu mitatu."

"Kusimama, ndiyo. Garissa hafiki."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akatafuta bakora yake. Mimi sikucheka. Niliwaza yule jike ataondoka kwa sababu ya mguu mmoja, na nikasema ukweli: sina kingine, mbuzi nyeusi nimeuza kulipa shule ya mjukuu, na kama anataka mtungi wangu auchukue. Binamu akazikunja noti, akazitia mfukoni. Yeye si mtu mbaya. Ni mchoyo tu wa kawaida, kama sisi wote.

"Sawa," akasema. "Mguu mmoja unabaki wangu. Wa nyuma, wa kushoto. Na robo ya ndama. Mchukue, mlishe wewe. Lakini mwenye mguu ana haki ya kuuliza."

"Uliza mpaka uchoke," nikasema, maana siku hiyo ningekubali hata kuulizwa na malaika.

Ngamia yangu akarudi kwa mchungaji wangu nje ya mji. Wiki mbili baadaye ile kampuni ikapanda, na bunge la benchi likanicheka mpaka mitungi ikatetemeka. Mama mwenzangu akasema, "Si nilikwambia uongeze?" Wiki ya tatu ikaanguka, na yeye huyo huyo akasema, "Si nilikwambia uuze?" Mimi nikaosha mtungi.

Lakini shida yangu mpya ni binamu. Anapiga simu kila alasiri, saa ile ile ya soko la Marekani. Amekula? Amekunywa? Mguu wangu unaendeleaje? Alisikia kwa watu kwamba jike anachechemea, akataka maelezo. Alichechemea kwa sababu ya mwiba! Akaniuliza kama nimefikiria kuhama malisho, kwa sababu jirani yake ana maoni. Jirani! Jirani hana hata ukwato!

Jana akapiga tena.

"Atazaa lini?"

"Karibu."

"Juzi ulisema karibu."

"Binamu, tulia. Nimebadilisha mchungaji. Huyu mpya ni mtu wa kazi, ana mpango, kuna malisho mazuri anatupeleka, ukija mwezi ujao hutamjua ngamia wako..."

 Nilisikia mdomo wangu mwenyewe, nikajishika kifua.  

"Hayo malisho," binamu akasema polepole, "umeyaona?"

"Mchungaji ameyaona."

"Nitumie picha."

Nikafunga mtungi, nikaweka shuka kichwani, nikaanza kutembea kwenda nje ya mji kupiga picha ya majani. Na wallahi, nikifika nisiyakute, huyo mchungaji atanijua.