Sikio la Baiskeli Lililopinda

Nimefanya kazi ya kuchanja mifugo kwa miaka mingi, kutoka Kitengela hadi maboma ya upande wa Kajiado. Pikipiki niliiacha baada ya kuumia mgongo, daktari akaniambia nikiweza kuendesha baiskeli taratibu nitapona haraka. Nikajinunulia ya milimani, ya mtumba, yenye gia saba nyuma na magurudumu mapana yanayovumilia miiba na mawe. Wazee wengine walishangaa kumwona mama wa watoto watatu akikata mbuga kwa baiskeli, kijisanduku cha chanjo kikiwa kimefungwa nyuma. Baadaye walizoea.

Gia zake zilikuwa tamu. Ukibonyeza kwa kidole gumba, ule mkono wa chuma unaoning'inia nyuma unasukuma cheni kutoka jino hadi jino bila kelele. Halafu siku moja zikaanza kusumbua. Nikiwa gia ya nne cheni inajirukia ya tano, mara inarudi, mara inakwaruza kama inasaga mchanga. Nikaipeleka kwa fundi wangu.

Fundi huyo alikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko la Kitengela. Watu wake walitoka Nyeri, lakini yeye alikulia hapa na Kimaasai alikijua kuliko watoto wangu. Tulisali kanisa moja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akifanya kazi alifunika redio kwa kitambaa ili asikie cheni vizuri.

Alipoiinua baiskeli aliniuliza kama imeanguka. Nikamwambia haijaanguka. Akakaza waya wa gia kidogo kidogo, akazungusha pedali, akasikiliza, akakaza tena. Ikatulia. Baada ya siku tatu ikarudia. Nikairudisha, akabadilisha waya mzima na kusafisha meno kwa mafuta ya taa. Safari hii nilipata wiki nzuri moja tu. Mara ya tatu aliniuliza tena kama imeanguka, nami nikaona ananitafutia makosa.

Ilikuwa Jumamosi na watu walikuwa wamejaa, wengine wamekuja kutia upepo, wengine wamekaa kwenye benchi wakipiga hadithi. Alikuwa ameshindana na baiskeli yangu karibu saa nzima. Akaweka bisibisi chini, akafuta mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nimefika mwisho wa ile najua. Sitaki kukudanganya."

Nilipaswa kumshukuru. Badala yake nilipandisha sauti. Nilimwambia mbele ya wote kwamba baiskeli ilikuwa nzima hadi alipoigusa, na kwamba mtu asiyejua gia asijiite fundi. Aliishusha baiskeli taratibu, akaipangusa kiti, akanipa.

Sikuishia hapo. Nilimsema kwenye duka la dawa za mifugo ninakochukua chanjo, na tena kwa akina mama wa kanisa tulipokuwa tunaosha vikombe. Baada ya muda niliona vijana wanaoshindana mbio za baiskeli wakipeleka zao kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu tu. Lakini nilijua nimechangia, na wakati ule haikuniuma.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nje ya Kajiado, naenda kuchanja mbuzi wa mama mmoja mzee dhidi ya homa ya mapafu. Kabla ya boma lake kuna korongo kavu. Niliteremka vizuri, na kupanda upande wa pili nikaweka gia nyepesi kabisa. Nikasikia mlio wa chuma kukamata chuma, gurudumu likagoma kuzunguka, nikaangukia kiwiko. Mkono wa gia ulikuwa umeingia ndani ya spoki na kukata mbili.

Cha kwanza nilifungua kijisanduku nikaangalia barafu. Ilikuwa bado haijayeyuka. Nikakaa juu ya jiwe, kiwiko kinavuja damu, nikamlaani yule fundi moyoni.

Mama mzee alikuwa amesikia nikianguka. Alikuja na punda wake, tukasalimiana kwa Kimaasai, "Takwenya," "Iko," akanitazama kiwiko, kisha akaenda akasimama nyuma ya baiskeli. Hakuigusa. Aliinama, akafumba jicho moja, vile tunavyomtazama ng'ombe anayechechemea ili kujua ni mguu upi.

"Hii imepinda mguu," akasema. "Ni zamani. Si leo."

Nikaenda nikasimama pale alipokuwa. Kazi yangu yote ni kutazama wanyama kutoka nyuma, na baiskeli yangu sikuwahi kuitazama hivyo hata siku moja. Ule mkono ulipaswa kuning'inia wima, sambamba na gurudumu. Ulikuwa umelala kuelekea spoki. Na kile kipande kidogo cha chuma kinachoushikilia kwenye fremu, mafundi wanakiita sikio, kilikuwa na mstari mweupe pale rangi ilipopasuka. Ndani ya ule mpasuko kulikuwa na vumbi gumu na kutu. Mpasuko wa leo hauwi na kutu.

Hapo nikakumbuka pikapu ya majani. Mvua ilikuwa imenikuta Isinya, mwenye pikapu akanibeba. Nililaza baiskeli kwa upande wake wa kulia, upande wa gia, na juu yake tukapanga marobota ya majani hadi Kitengela. Kesho yake ndipo cheni ilipoanza kuruka. Fundi aliniuliza mara mbili kama imeanguka. Ni kweli haikuanguka. Niliilaza mwenyewe, kwa mikono yangu.

Tulimpakia punda kile kijisanduku, nami nikauchomoa mkono wa gia kwenye spoki na kuikokota baiskeli. Mbuzi wote walichanjwa. Yule mama alinifunga kiwiko kwa kitambaa safi na kunipa chai ya maziwa, akaniuliza mbona nimenyamaza hivyo. Nikamwambia kuna mtu nimemkosea. Akanijazia kikombe tena bila kuuliza ni nani.

Jumanne nikaenda kibandani. Alikuwa na wateja wawili. Nilimwambia yote: pikapu, marobota, na kwamba yale niliyosema hayakuwa kweli, nikamwomba msamaha. Alisikiliza hadi mwisho huku akikaza nati ya mtu.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Lakini siku ile ilikuwa Jumamosi. Watu walikuwa wengi. Leo ni hawa wawili."

Hakusema kwa hasira. Nikaelewa.

Akaiinua baiskeli. Akafungua mkono wa gia, na katika tundu la sikio akaingiza ekseli ya gurudumu kuukuu, gurudumu lenyewe likiwa bado juu yake. Sasa kulikuwa na magurudumu mawili pembeni kwa pembeni, na hata mimi niliona hayako sambamba. Akalivuta lile la nje polepole, akipima nafasi juu, chini, mbele na nyuma, hadi yakalingana. Akaniambia chuma kile hakipendi haraka, kinaweza kukatika. Kisha akaweka spoki mpya, akarudisha mkono, na kunionyesha skrubu mbili ndogo: moja inazuia cheni isiangukie kwenye spoki, nyingine isiangukie nje. Waya ndio wa mwisho kukazwa.

"Na mimi nilikosea," akasema. "Hata uliposema haijaanguka, nilipaswa kuangalia kutoka nyuma. Nilikuamini badala ya kuangalia."

Jumamosi nilirudi saa nne, benchi likiwa limejaa. Nilisimama nikasema nilichokwenda kusema. Mzee mmoja aliguna, kijana mmoja akaangalia simu yake, na fundi akaendelea kupaka cheni mafuta ameinamisha kichwa. Jumapili nikawaambia akina mama wa kanisa pia, na kule dukani nikapita Jumatatu.

Baadhi ya wale vijana wa mbio walirudi kwake. Wengine hawakurudi, na sikuwa na njia ya kuwarudisha. Sisi wawili hatukuwa marafiki wa kutembeleana, ila tukikutana mlangoni mwa kanisa huniuliza gia zinasemaje. Juzi nilimwambia ya pili inakwaruza kidogo, nami nimegeuza kile kifundo cha kukazia waya robo mzunguko. Akaniuliza niligeuza kuelekea wapi. Nilipomwonyesha kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kutafuta kiti.