Bodi la Mvule

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu nililonunua kwa mchoma mkaa, miaka michache baada ya Mapinduzi. Mbele lilikuwa zima. Msiba ulikuwa nyuma: bati la bodi limeliwa na kutu, hata ukipakia muhogo Kidichi, mwengine unadondoka njiani kabla hujafika mjini.

Bati jipya halikupatikana madukani siku zile. Mbao nilikuwa nazo. Nilikuwa seremala wa milango, nina kibanda changu Mlandege, na ndani yake nilihifadhi mbao nzuri za mvule za mlango ambao mwenyewe aliuagiza, kisha akasafiri asirudi. Nikamwambia mke wangu kwamba bodi nitalitengeneza mwenyewe, uwanjani kwetu Mpendae.

"Ushawahi kutengeneza bodi la gari?" aliniuliza.

"Sijawahi. Lakini mbao nnazijua."

Hakubisha. Alitaka jambo moja tu, kwamba mbavu za bodi ziweze kulazwa chini, ili watu wasinyanyue matenga juu ya vichwa vyao kila wanapopakia. Yeye ni mtoto wa Kidichi, kwao walilima muhogo na ndimu, na mambo ya kupakia aliyajua kuliko mimi. Mbavu nikazitilia bawaba za mlango.

Tulilikata bati bovu lote, ikabaki chesisi tupu, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima. Juu yake nikakingamisha boriti, na juu ya boriti nikapanga mbao, nikazibana hata wembe usipite. Bolti nilizikaza mpaka mikono ikaniuma. Mke wangu alishika ncha ya pili ya kila ubao, kanga ameifunga kiunoni. Tulipomaliza nilipanda juu nikarukaruka. Bodi halikutikisika.

Safari ya kwanza tukaenda kwao kupakia muhogo. Wakati wa kurudi, kwenye njia ya mashimo, nikasikia mlio nyuma yetu kama kuni inayopasuliwa. Tukashuka. Boriti ya mbele ilikuwa imepasuka, bolti mpaka bolti.

"Ubao mbovu?" mke wangu akauliza.

"Ubao mzima huu. Nitaijua sababu yake."

Kesho yake asubuhi nilipandisha gurudumu moja juu ya jiwe, nikalala chini ya gari nikatazama. Chesisi ilikuwa imejipinda, si sana, lakini imejipinda. Hapo nikafahamu. Mlango hukaa pahala pamoja umri wake wote, na kazi yangu ilikuwa milango. Gari hujipinda kwa kila shimo, nami nilikuwa nimelifungia bodi lisilokubali kujipinda nalo. Nikafungua kila kitu. Nikatia boriti mpya, nikakata mipira ya tairi kuukuu nikaiweka baina ya boriti na chuma, na bolti za mbele nikaziachia nafasi kidogo, kila moja na nati mbili zisije zikafunguka. Nikalipandisha tena juu ya jiwe. Chesisi ikapinda, bodi likatulia.

Tulikuwa tushalitumia kwa mizigo mingi ilipofika harusi ya mjukuu wa mkwe wangu, huko Mlandege. Mkwe wangu miguu ilimvimba, magoti hayakunjiki, na mjini alikuwa hajafika kwa muda mrefu. Kiti cha mbele cha gari kilimshinda.

"Mama atakaa nyuma," mke wangu akasema.

"Nnaona haya. Mkwe nimbebe kama tenga la ndimu?"

"Haya zako zitamkosesha harusi."

Tukaenda Kidichi. Nilimwamkia mkwe wangu macho yangu chini, kama ilivyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo si ndilo lililopasuka?"

"Naam. Nimelifanya upya. Halipasuki tena."

Alilitazama bodi, kisha akanitazama mimi. "Basi niwekeeni kiti."

Tukalaza ubavu mmoja, wanawake wakamkalisha ukingoni, wakamgeuza taratibu mpaka kitini. Kiti nilikifunga kamba kwa miguu yote, na mke wangu akakaa kwenye mkeka ubavuni mwake. Njia nzima nilikuwa nikiwasikia wakicheka. Kwenye mashimo nilipunguza mwendo, nikategea sikio ule mlio. Haukuja. Mlandege wanawake walitoka nje ya nyumba ya harusi wakampokea kwa vigelegele, na yeye, na buibui lake, akawapungia mkono kutoka juu, hana haraka ya kushuka.

Jioni, tulipokuwa tunamrudisha, aligonga paa la gari kwa bakora yake. Nikasimamisha, nikashuka kwenda kumsikiliza.

"Mwanangu, hii ndiyo njia ya nyumbani?"

"Naam, mama."

"Zunguka kwanza mjini. Nataka kuona."

Nikaligeuza gari.